Paa la Milimita na Mstari wa Tisa

Paa la karakana liliondoka siku ya Jumanne, kama saa tisa mchana, mwenye karakana akiwa mtaa wa pili anatundika mlango wa stoo kwa mwanamke mwenye duka la dawa. Ulivuma upepo wa ghafla, ule unaotangulia mvua, kisha ukasikika mlio kama lori limemwaga vyuma barabarani. Fundi hakugeuka. Alikuwa na skrubu mbili mdomoni na bawaba mkononi, na akili yake yote ilikuwa kwenye upenyo kati ya mlango na fremu, ambao juu ulikuwa mpana kidogo kuliko chini.

"Fundi," alisema mwenye duka, aliyekuwa amesimama dirishani, "lile bati linaloruka kule si la kwako?"

Watu walimwita Milimita. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye vyeti na midomoni mwa dada yake akikasirika. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na uwezo wa kukubali kwamba kitu kiko sawa mpaka futi kamba ikubali kwanza. Alipima mara tatu ndipo akakata. Wateja walimlaani kwa kuchelewesha, kisha wakampeleka kwa wakwe zao wakamsifie huko. Kwenye harusi moja aliwahi kupiga magoti mbele ya maharusi, watu wakadhani anatoa heshima, kumbe meza ilikuwa inayumba na yeye anakunja kipande cha boksi akiweke chini ya mguu.

Huyo Milimita alikimbia mvuani bawaba ikiwa bado mkononi. Bati moja lilikuwa limejibandika kwenye ukuta wa kinyozi. Jingine lilikuwa limelala katikati ya barabara, magari yanalizunguka kama mtu aliyezimia. Hakuna aliyeumia. Lakini ndani ya karakana mvua ilikuwa inanyesha kama nje. Ilinyesha juu ya milango kumi na minane ya shule mpya, ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa msasa na kubakiza vanishi tu. Ilinyesha juu ya makabati mawili ya nguo na rundo zima la plaiwudi. Mbao ngumu ukiilowesha itakununia, lakini ukiipa muda na kivuli itarudi. Plaiwudi ukiilowesha imekufa. Inafunguka ukurasa kwa ukurasa kama daftari lililosahauliwa uani.

Mvua ilipokatika aliokota papi moja iliyoangukia mlangoni, moja ya zile mbao zilizokuwa zimebeba mabati. Msumari wake ulikuwa umechomoka mzima mzima. Haukupinda, haukukwaruzika. Ulitoka kama unavyotoka mguu kwenye ndala. Ulikuwa msumari wa inchi mbili na nusu. Pale palitakiwa wa inchi nne, tena na mkanda wa chuma wa kufunga papi kwenye ukuta.

Alikaa juu ya kizingiti akautazama. Miaka mitatu nyuma, alipokuwa anahama kutoka kwenye kibanda cha kupanga kuja kwenye karakana hii aliyoijenga mwenyewe, misumari mirefu ilimwishia kwenye paa la mteja. Iliyobaki ilikuwa mifupi. Alisema apige hiyo hiyo kwa muda tu, atarudia wiki ijayo. Yeye, Milimita, ambaye angemfukuza kazi mtu yeyote kwa jambo hilo.

Kwa hiyo jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, lakini hakutokea mtu wa kumuuliza swali.

Dada yake mkubwa alifika Jumatano asubuhi. Huyu alimzidi miaka kumi na moja, alimbeba mgongoni, na hakuwahi kupata taarifa kwamba ameshuka. Alikuwa fundi cherehani wa nyumbani, wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali, na kiongozi wa akina mama kanisani. Biblia yake aliitia kwenye mfuko wenye zipu aliyoishona mwenyewe.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, dada."

"Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Tumshukuru Mungu." Zipu ikafunguliwa. "Sasa kaa chini."

"Dada, nina milango kumi na minane inayotaka kusimamishwa kabla haijapinda."

"Itasubiri. Kaa."

Akakaa juu ya ndoo ya gundi. Dada akafungua kitabu cha nabii Hagai, sura ya kwanza, akasoma mstari wa tisa kwa sauti ya kanisani, ingawa walikuwa wawili tu na paa halikuwepo. Kwa ufupi, mstari ule unasema watu walitarajia vingi wakapata vichache, na hata hivyo vichache walipovifikisha nyumbani Mungu akavipuliza vikapotea. Sababu ni kwamba nyumba yake ilikuwa gofu, na kila mtu alikuwa anakimbilia nyumba yake mwenyewe.

"Akavipuliza," dada akarudia, akitazama juu mawinguni. "Umesikia neno hilo?"

"Nimesikia."

"Na kilichokuja hapa jana ni nini?"

"Upepo, dada. Lakini tatizo si upepo. Upepo unavuma kila mwaka. Tazama msumari huu..."

"Madirisha ya kanisa uliahidi lini?"

Milimita aliushusha msumari. Aliahidi mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa tisa. Kila Jumapili alipita chini ya yale mashimo yaliyozibwa kwa maturubai akasema moyoni, wiki ijayo. Dada yake alikuwa amemgusa penye kidonda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, maana kosa la madirisha lilikuwa kweli na kosa la msumari lilikuwa kweli, lakini yalikuwa makosa mawili tofauti. Dada alikuwa ameyafunga pamoja kama kuni.

"Madirisha sikuleta," alisema. "Lakini paa limeondoka kwa sababu nilipiga misumari mifupi."

"Na nani aliyekupofusha ukapiga mifupi?"

Milimita akasimama akaenda kwenye milango yake.

Laiti angekuwa dada peke yake. Lakini dada alikuwa na simu, na kikundi cha akina mama kilikuwa na watu sitini. Kufikia Alhamisi mstari wa tisa ulikuwa umefika mtaani kabla ya mabati kurudishwa. Kinyozi alikuja kudai rangi ya ukuta wake, na kabla ya kuondoka akashika mlango akasema kwa upole, "Ila fundi, kuna andiko moja nimetumiwa." Muuza mbao alimkopesha maturubai mawili, kisha akamnong'oneza kwamba yeye si mtu wa dini sana, lakini Hagai aliona mbali. Binamu aliyekuwa hajampigia simu kwa miaka miwili alimtumia mstari uleule, umeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya picha ya radi.

Mwenye mojawapo ya yale makabati alikuja kuliona. Aliligusa kwa ncha ya kidole kimoja, kama linaloambukiza.

"Sitalichukua hili, fundi. Kitu kikishapitiwa na hukumu, mimi sikiingizi chumbani kwangu."

"Mama, hili halijapitiwa na hukumu. Limelowa."

"Na kulowa kwenyewe kumetoka wapi?"

"Juu."

"Umeona?" Akaondoka.

Milimita alilirudisha kabati kivulini. Alikuwa tayari kumtengenezea jingine, bila hata neno, na mbao alikwisha kuzitenga. Ila mama yule hakutaka kabati jipya. Alitaka fundi akiri kitu.

Siku ya Ijumaa jioni, mke wake, ambaye ni muuguzi na huzungumza na watu wanaolalamika kuanzia asubuhi, alimkuta amekaa jikoni anasugua msumari kwa kipande cha msasa bila sababu yoyote.

"Wamefika wangapi leo?"

"Wanne. Na mmoja amepiga simu."

"Kwa nini usiitikie tu amina, yaishe?"

"Nimejaribu. Ukiitikia, wanaendelea. Ukikataa, wanaendelea zaidi." Akautupa msumari mezani. "Ninachotaka ni mtu mmoja tu aniambie, 'Milimita, pale ulifanya kazi mbovu.' Mmoja tu, nipumue."

"Ulifanya kazi mbovu."

"Wewe ni mke wangu, huhesabiki."

Mke akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alikuwa na habari ambayo alikuwa ameibeba tangu mchana. "Wifi amenipigia. Kesho saa kumi kuna ibada hapa nyumbani. Mchungaji anakuja, na mzee wa kanisa. Watalitafakari neno pamoja na wewe."

"Hapa? Kwangu? Nani kawaalika?"

"Wameshaalikwa. Mimi nimeambiwa nichemshe chai."

Milimita alishika kichwa. Alitaka kumpigia dada yake amwambie asithubutu, lakini alijua mazungumzo yale yangemalizikia wapi. Badala yake alichukua Biblia ya mke wake akaenda nayo karakana kesho yake asubuhi. Alikuwa ameziunganisha fremu mbili kwa gundi, na gundi haipendi kuharakishwa, kwa hiyo akakaa akasoma. Kitabu cha Hagai ni kifupi, kinaisha kabla chai haijapoa. Alikisoma mara tatu, kama anavyopima. Mara ya tatu alitoa penseli nyuma ya sikio.

Saa kumi sebule ilijaa. Ilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga, haina dari. Ukitazama juu unaona mabati na popo wa mwaka jana waliokauka. Mchungaji, kijana mwenye macho ya mtu ambaye amezika watu wawili wiki hiyo, alikaa karibu na mlango. Mzee wa kanisa alipewa kiti chenye mikono. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha, mtu wa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuwatazamia watu. Mwenye duka la dawa alikuja, na akina mama watano wa kikundi. Dada mkubwa alikaa katikati, Biblia magotini.

Mzee aliomba, dada akasoma mstari wa tisa. Kisha mzee akabadilisha miwani.

"Neno limejieleza lenyewe. Sijui ndugu yetu ana la kusema mbele za Bwana na mbele yetu."

Wote wakamgeukia kwa huruma, ile huruma ya watu walioshika taulo wakisubiri mtu atoke majini.

"Ninalo," alisema Milimita. "Naomba tusome kuanzia juu. Mstari wa tisa ni ubao mmoja. Mmeuchomoa kwenye mlango, mnanionyesha, mnasema huu ndio mlango."

"Hatuna haja ya..." dada alianza.

"Mwache asome," alisema mchungaji.

Akasoma mstari wa kwanza. Ujumbe unamwendea mtawala wa nchi, na kuhani mkuu. Akanyanyua macho. "Hao ndio walioambiwa kwanza. Seremala hajatajwa." Mchungaji akatazama viatu vyake. Mmoja wa akina mama akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Tuje hapo hapo kwenye wa tisa wenu. Mzee, wewe umefundisha lugha miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Hapa pameandikwa 'uli' au 'mli'? Ulitarajia, au mlitarajia? Ulipoleta nyumbani, au mlipoleta?"

Mzee akabadilisha miwani tena. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Sebule nzima ilimsubiri kama wanafunzi wanaosubiri majibu.

"Ni wingi," alisema mwishoni, kwa shida. "Nafsi ya pili, wingi. Kisarufi, ana hoja."

"Mzee, hatukuja hapa kufanya mtihani wa Kiswahili!" dada alifoka.

"Mimi nimeulizwa, nimejibu."

"Kwa hiyo Mungu alikuwa anaongea na mji mzima," Milimita aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. "Iweje mji mzima ukosee na paa liondoke moja? Tena turudi nyuma kidogo, mstari wa nne. Kinachoudhi mbinguni hapa ni nini? Ni watu kukaa kwenye nyumba zilizopambwa kwa mbao na huku nyumba ya Mungu ni gofu. Mbao! Haya. Tazameni juu."

Wakatazama juu. Waliona mabati na popo.

"Sasa mimi nimepanda juu ya nyumba zenu wote. Dari ya mzee, zile mbao nyembamba zenye mchirizi pembeni, nilipiga mimi, siku tisa. Dari ya mwenye duka la dawa ina ngazi mbili na mapengo ya taa. Mama uliyekaa pale, ya kwako tulibadilisha mara mbili kwa sababu ya rangi. Ya mchungaji..."

"Ile nyumba ni ya kanisa," mchungaji aliwahi.

"Nyumba ni ya kanisa. Ila vanishi ulichagua wewe."

Mwenye duka la dawa alishindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikawapata wawili wengine. Mke wa Milimita, aliyekuwa ameshika birika mlangoni, alijificha nyuma ya mvuke.

"Basi ikiwa alipuliza kwa sababu ya nyumba za mbao," alisema Milimita, "mbona kakosea mlango?"

"Unakufuru," alisema dada. Yeye hakuwa amecheka.

"Ninauliza, dada. Kuuliza siku hizi ni kukufuru?" Akatoa msumari mfukoni, akauweka juu ya meza, kando ya Biblia yake. "Madirisha niliahidi, sikuleta. Hilo ni langu, na nitalijibu. Lakini paa liliondoka kwa sababu ya huu. Inchi mbili na nusu mahali pa inchi nne. Nilijua, nikafanya. Miaka mitatu nilikuwa nakaa chini ya uongo wangu mwenyewe nikiwapigia watu makelele ya milimita. Hilo ndilo kosa langu, na nyinyi mnaninyang'anya. Kila ninapolitaja mnalichukua mnampa Mungu. Mkishamaliza kulichukua, mimi nitapanda pale juu nipige misumari ileile mifupi, kisha niombe sana."

 Mchungaji alichukua ule msumari, akaupima kwa kidole.

"Lakini Milimita," alisema taratibu, "huoni inawezekana Mungu akasema na mtu hata kwa msumari mfupi?"

Milimita alirusha mikono juu. "Hata wewe, mchungaji!"

Safari hii walicheka karibu wote, hata mzee, na hasira ingeishia pale kama dada mkubwa asingesimama. Alifunga Biblia bila kufunga zipu, akapita katikati ya magoti ya watu, akatokea mlango wa uani.

Mke wa Milimita alimtazama mume wake kwa jicho lile ambalo halihitaji maneno. Milimita akatoka akamfuata dada yake.

Dada alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, katikati ya sare za uuguzi zilizoanikwa. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Dada, sikutaka kukuaibisha."

"Unakumbuka siku duka langu lilipoungua?"

Alikumbuka. Lilikuwa duka la vitambaa, miaka tisa iliyopita, mlango mmoja tu lakini rafu zake zilifika juu. Yeye ndiye aliyezitengeneza. Liliungua siku ya Alhamisi, watu wakiwa kazini, na kufikia adhuhuri palikuwa na kuta nne nyeusi. Baada ya hapo dada alianza kubadilisha zipu za watu nyumbani.

"Unakumbuka uliniambia nini?"

"Nilikwambia pole."

"Pole ulisema. Halafu ukaingia ndani ukapekua ukutani, ukatoka na kipande cha waya. Mimi nimekaa barabarani, wewe unaniletea waya usoni. 'Dada, tazama, ni huu. Fundi wa umeme aliunganisha vibaya.' Ulinionyesha mpaka pale palipoyeyuka."

"Ilikuwa kweli, dada."

"Najua ilikuwa kweli! Nilikuambia sijui? Miaka kumi na minne ya kuamka alfajiri, na mdogo wangu ananipa waya." Alivuta pumzi. "Nilikaa miezi nikipekua Biblia, mpaka nikafika kwa Hagai. Niliposoma pale, nikasema sawa. Kumbe kuna aliyepuliza. Kama alipuliza, basi alikuwa ananitazama. Alinikasirikia, sawa, lakini alikuwa ananitazama. Waya haumtazami mtu."

Milimita alisimama na mikono yake mikubwa bila kujua aiweke wapi. Alikuwa bado amekasirika. Hilo lilimtia aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: alikuwa anamhurumia dada yake na papo hapo angependa kumtikisa mabega. Miaka tisa dada alikuwa amebeba jambo hili, na badala ya kumwambia siku moja kwamba alimkosea, amemletea mstari.

"Kumbe ulitaka kunifariji," alisema.

"Ulidhani nimekuja kukucheka?"

"Ila dada, mimi nikifikiri kwamba Mungu alinitazama napiga msumari mfupi, akanyamaza, akasubiri miaka mitatu mpaka niweke milango ya shule ndani..."

"Ndiyo?"

"Naona ni afadhali upepo."

Dada alimtazama. Kitu kikamcheza pembeni mwa mdomo, akakizuia kwa nguvu. "Wewe ulizaliwa unabisha. Mama alisema ulitoka miguu kwanza." Akanyoosha mkono, akavutwa akasimama. "Kuhusu ule waya..."

"Nilikosea, dada. Si kuhusu waya. Kuhusu siku."

"Haya," alisema, na wakarudi ndani kunywa chai iliyokuwa imepoa.

Kama ulitegemea mambo yangenyooka baada ya hapo, hujakaa na watu wa kamati. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri Hagai sura nzima, na kila alipofika kwenye "ninyi" alinyanyua kidole akakizungusha kanisa zima, pamoja na yeye mwenyewe. Watu waliguswa sana. Waliguswa mpaka wakaunda kamati ya ukarabati palepale, na kabla Milimita hajanyanyuka benchi alikuwa amechaguliwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyelielewa neno. Vikao vilikuwa vitatu. Katika viwili walijadili rangi.

Shule ilichukua milango kumi na mmoja baada ya kukaushwa kivulini na kupigwa randa upya. Saba ilikuwa imejikunja kama majani, haikurudi. Ile kazi ya pili waliyokuwa wamemdokezea, ya madawati, walimpa mtu mwingine, na hakuwalaumu. Miezi miwili aliishi kwa mshahara wa mke wake na kwa vitasa vya watu. Madirisha ya kanisa aliyatengeneza kwa mbao za milango iliyoharibika, sehemu ambazo hazikupinda, na aliyafunga kabla ya kamati kumaliza kukubaliana rangi.

Paa lake alilirudishia kwa misumari ya inchi nne na mikanda ya chuma kila papi. Kinyozi alipita akasema, "Safari hii umefunga kweli, fundi. Mara ya kwanza ulilipua kazi." Milimita alishuka ngazi akampa mkono, kinyozi asijue kwa nini anashukuriwa namna ile.

Dada naye alikuja kukagua. Alisimama katikati ya karakana, mikono kiunoni.

"Mirefu?"

"Mirefu."

"Na umeomba?"

"Nimeomba."

"Ulianza na kipi?"

Milimita aliwasha msumeno wa umeme, akaonyesha sikio kwamba hasikii.

Hawakuwahi kukubaliana. Hadi leo dada atakuambia kwamba paa la mdogo wake lilipulizwa, na mdogo wake atakuambia lilichomoka, na wakiwa wote chumbani ni afadhali usiulize. Lakini mwanzoni mwa mwaka dada alimpigia simu mchana wa kazi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema amepata chumba cha mbele, mlango mmoja, unatazama kituo cha basi.

"Nataka meza ya kukatia vitambaa. Ndefu. Na rafu mbili, nianze na mbili tu."

"Dada! Hongera."

"Usinipongeze, njoo upime. Na kwa umeme, niletee fundi unayemwamini wewe. Umsimamie."

Alikwenda siku hiyohiyo. Meza ilimchukua wiki tatu, na dada alipiga simu kila siku kuuliza kama ni meza au jahazi. Alipoipeleka, dada aliinama juu yake na mkasi, akajinyoosha, akainama tena, akasema iko juu mno. Milimita akamwambia urefu ni uleule waliokubaliana. Dada akasema hawakukubaliana hivyo. Milimita akatoa daftari akamwonyesha. Dada akasema siku ile alikuwa amevaa viatu vingine.

Milimita alivuta pumzi ndefu, akaigeuza meza miguu juu, akatafuta penseli.